Chanzo cha Kwanza

Cabramatta, Sydney
9 Februari 2025

Wifi yangu Irambona,

Nakusalimu wewe na wote wa hapo nyumbani Kasulu, pamoja na wale majirani wanaokuletea nguo za kushona halafu wakasahau kuja kuzichukua. Sisi huku tupo. Wiki hii joto limezidi, hata ukuta wa jikoni unachoma ukiugusa. Darlène ametimiza miaka kumi na minne na amenipita urefu. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini anaelewa yote, hasa yale ambayo sikutaka ayaelewe.

Naandika barua kwa sababu simu yako kila nikipiga inaita tu. Tangu tumzike mdogo wako Révérien umepokea mara mbili, na mara zote mbili ulisema mtandao unasumbua. Basi karatasi haina mtandao.

Nimerudi chuoni pale Liverpool kumalizia masomo ya kuhudumia wazee, yale niliyoyaacha mwaka jana baada ya Révérien kufariki. Kazi ni ile ile: naogesha wazee, napima presha zao, nawalisha. Chuoni kuna mwalimu wa maktaba anaitwa Bridget, ametufundisha kufanya utafiti kwa hatua. Unaanza kwa kuandika swali moja, liwe dogo na wazi. Unaandika unachokijua tayari. Ndipo unatafuta vyanzo vya habari, unaviweka kimoja kando ya kingine, unapima kipi cha kuaminika na kipi porojo, unaamua, na baada ya muda unarudi kutazama kama uliamua vizuri. Bridget alisema hii si ya mitihani tu, hata mtu anayetafuta jokofu anaweza kuitumia. Wenzangu walicheka. Mimi nilinakili kila kitu.

Nikuambie ukweli, wifi, sasa natumia hatua hizo kwa kila jambo. Birika la umeme nilichagua kwa siku nne. Jumamosi nilisimama kwenye duka la Wavietnamu wanaouza mchicha, lengalenga kama za kwetu, nikashindwa kujua nichukue fungu lipi, nikatoa daftari pale pale watu wakinipita na vikapu. Zamani mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Sasa hauendi, kwa sababu sitamani hiki wala kile. Hatua zinanifikisha mwisho wa siku. Kanisani wanasema nina nguvu. Sina nguvu, ni kwamba sihisi kitu.

Sasa jambo lenyewe. Tarehe kumi na tisa Julai mwaka utatimia. Watu wa kanisa na Warundi wenzetu wa Liverpool wananiuliza tutaganduka lini, tuanue matanga, maana ukumbi lazima uombwe mapema. Na desturi yetu unaijua: bila neno la upande wa marehemu hakuna kuganduka. Mtu wa damu yake anasimama, anaeleza alivyoishi na alivyoondoka, ndipo ananiachia nitoke kwenye msiba. Wazazi wenu hawapo, umebaki wewe. Ungesema kwa simu, tungeiweka kwenye spika watu wote wasikie. Swali nililoandika kwenye daftari ni hili: Niganduke lini? Nakuomba jibu.

Wifi yako,
Fébronie


Kasulu
22 Machi 2025

Wifi mwenye daftari,

Barua yako imefika ikiwa na mihuri mingi kuliko paspoti ya mbunge, nami nikaitembeza mtaa mzima kabla ya kuifungua. Sisi hatujambo. Mvua imetutendea haki, maharage yamekubali. Sare za shule zimenijaa mpaka mlangoni, na goti langu la kushoto linajitangaza kila asubuhi kabla ya jogoo. Mchungaji wetu amehamishwa. Aliyekuja anahubiri kwa ufupi, tunamwombea asibadilike.

Hizo hatua zako nimezicheka mpaka mteja akaniuliza kuna nini. Sisi huku tukitaka kununua kuku tunampapasa kifua, utafiti umekwisha. Lakini kuuliza si ujinga, nikasema nijaribu. Cherehani yangu ilikuwa inaruka uzi. Nikaandika swali nyuma ya kalenda: Kwa nini inaruka uzi? Nikaandika ninachokijua. Nikawauliza mafundi watatu wakanipa majibu manne. Nikapima, nikapima, mwisho nikagundua sindano niliipachika kinyume mimi mwenyewe. Miaka thelathini nipo kwenye kazi hii! Bridget msalimie, ana akili.

Darlène naye mwambie shangazi yake anasema hivi: anayeelewa Kiswahili na hajibu kwacho anamnyima mama yake mazungumzo. Aseme hata vibaya, hatutamtoza faini.

Kuhusu kuganduka, wifi, haraka ya nini? Mwaka si sheria. Kuna waliokaa miwili na dunia haikusimama. Nami sina maneno ya kusema kwenye spika mbele ya watu nisiowaona. Alivyoishi wote mnajua. Alivyoondoka, daktari wenu ndiye ajuaye. Alisema ni moyo, basi ni moyo. Tafuteni mzee mmoja wa huko huko aseme kwa niaba yangu, nitamshukuru.

Ila na mimi nikuulize swali langu, dogo na wazi. Unasema huhisi kitu. Uko poa, au umepoa? Hayo ni mambo mawili. Kula chakula, na hiyo nguo ya kijivu uliyovaa kwenye picha ya Krismasi igawe.

Ni mimi wifi yako,
Irambona


Cabramatta, Sydney
27 Aprili 2025

Wifi yangu,

Pole na goti, na pole na sindano. Darlène alicheka sana habari ya cherehani, kisha akaniambia "Tell Auntie hi", nikamwambia mwambie mwenyewe kwa Kiswahili, akaenda chumbani kwake. Baridi inaanza. Kazini mzee wa chumba cha kumi na mbili alifariki Jumatano, yule aliyekuwa anaimba nyimbo za jeshini. Nilimwosha, nikamfunga kidevu, nikampigia mwanawe, nikaenda kunywa chai. Chai ilikuwa chai. Mwenzangu alikuwa analia kwenye stoo ya mashuka, nikamshikia kikombe.

Umesema nitafute mzee aseme kwa niaba yako. Siwezi, kwa sababu huyo mzee atasema nini? Nilipofika ile hatua ya kuandika unachokijua tayari, nilijaza mistari minne tu. Najua Ijumaa asubuhi aliniachia chai kwenye chupa. Najua alikwenda kazini Smithfield, kwenye ghala. Najua saa nne alianguka katikati ya rafu, na gari la wagonjwa halikufika hospitali naye akiwa hai. Najua daktari aliniambia moyo ule haukuharibika kwa siku moja, ulikuwa na miezi. Aliniuliza kama mume wangu alilalamika kifua. Nikasema hapana. Mimi, wifi, ninayepima presha za wazee ishirini na wawili kila asubuhi. Daktari alinitazama, akaendelea kuandika.

Simu ya Révérien waliponirudishia niliifungua. Mtu wa mwisho kuzungumza naye ni wewe, Alhamisi jioni nilipokuwa darasani, dakika arobaini na moja. Na Jumapili ya kabla yake ni wewe, na Jumapili nyingine ya nyuma pia.

Kwa hiyo nimeandika kwenye daftari kama tulivyofundishwa. Kifo cha Révérien. Chanzo cha kwanza: Irambona. Cha pili: daktari. Cha tatu: mimi, niliyekuwepo na sikuona. Siwezi kuganduka mpaka nimalizane na chanzo cha kwanza. Nakuomba unijibu kabla ya Julai.

Fébronie


Cabramatta, Sydney
20 Julai 2025

Wifi,

Salamu kwa wote. Sijui kama barua yangu ya Aprili ilifika.

Jana mwaka umetimia. Hatukuganduka. Ukumbi niliwaambia wawape wengine, wakafanyia harusi. Mimi na Darlène tulikwenda makaburini. Kulikuwa na upepo wa baridi, tukasimama kama dakika kumi, yeye akapanga maua, mimi nikashika mfuko. Kisha tukapitia kwa muuza mikate, akaniuliza mkate wa kukata au mzima, nikasimama sijui. Darlène akajibu kwa ajili yangu.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi hata mshindo siuogopi sasa. Kama ni posta, niambie. Kama si posta, niambie pia.

Fébronie


Kasulu
11 Agosti 2025

Fébronie,

Salamu kwanza, maana hata mwenye kesi husalimia akiingia. Wote hapa wazima. Maharage tumeshavuna.

Barua yako ya Aprili ilifika tarehe tatu Juni. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa posta. Nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, na kila siku nikitafuta kifungo ninakutana nayo. Umeandika kifo cha mdogo wangu, chanzo cha kwanza, Irambona. Hukuweka hata neno moja la kulainisha. Umenipanga kwa namba, mimi wa kwanza. Nikasema, huyu mwanamke ameshajua, na sasa anasoma hukumu. Nikakaa nikingoja uwaandikie na ndugu wengine wa ukoo. Hukuwaandikia. Wiki iliyopita ikaja barua yako ya Julai, fupi, hata hukunitukana. Hiyo ndiyo iliyonishinda.

Ni kweli. Alikuwa ananiambia.

Ilianza mwezi wa tano mwaka jana. Alisema akipanda ngazi kifua kinabana, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Nikamwambia, mwambie mkeo, hiyo ndiyo kazi yake. Akakataa. Akasema, "Fébronie akijua ataacha masomo, kama alivyoacha mwaka ule nilipovunjika mguu. Imebaki miezi mitano tu, dada. Miezi mitano nitavumilia." Akaniapisha kwa kaburi la mama. Nikaapa. Mimi niliyemlea kambi ya wakimbizi Mtabila tulipobaki wawili, mimi niliyekuwa namchapa akificha hata jeraha la mguu, nikaapa. Nikamwambia achemshe tangawizi na kitunguu saumu, anywe asubuhi na jioni. Nikafunga siku tatu nikimwombea. Mtu anaishi vituo viwili kutoka hospitali, mimi namtibu kwa tangawizi kutoka Kasulu.

Alhamisi ile alisema maumivu yamemwamsha usingizini. Hayo tuliyazungumza dakika tano. Nikamsihi asiende kazini. Akasema sawa, nitamwambia Fébronie Jumapili, Jumamosi ana mtihani, nisimvuruge. Dakika zote zilizobaki tulicheka. Aliniigizia unavyosoma Kiingereza kwa sauti bafuni, umefungua bomba la maji ukidhani hawakusikii, na yale majina ya dawa unavyoyavunja mbavu. Akacheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka, nikasahau kumuuliza tena habari ya kifua. Yote mengine nimejitetea nayo mbele ya Mungu, lakini hilo la kusahau sina pa kuliweka.

Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Anayemsaidia kuficha hatukuambiwa anafanywa nini. Simu zako nilikuwa naziona. Nilikuwa naiweka simu mapajani mpaka inyamaze, kisha naendelea kushona. Ndiyo maana sikutaka kusimama kwenye spika kueleza alivyoondoka. Ningedanganya mbele ya watu wa Mungu, au ningesema haya.

Nimesema. Andika kwenye daftari lako unavyotaka.

Irambona


Cabramatta, Sydney
21 Septemba 2025

Wifi Irambona,

Salamu za Darlène zitangulie, nitakuambia kwa nini. Mimi mzima. Hali ya hewa imeanza kuwa nzuri, watu wameshaanika mablanketi.

Nianze na kosa langu. Chanzo tunachokisema darasani ni mahali habari inapotoka. Chanzo cha kwanza ni mtu aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe. Nilikuwa nakuomba habari, sikuwa nakushtaki. Nilitafsiri maneno ya Bridget nikiwa nimechoka, sikufikiri kwamba kwa Kiswahili chetu chanzo cha kifo ni kile kilichokisababisha. Ungekuwa umenielewa, ungenijibu kwamba siku ile mlizungumza habari za mvua. Nakujua. Kwa hiyo kosa lile nimelisahihisha kwenye daftari, lakini silijutii.

Barua yako niliifungua kwenye treni nikitoka kazini Liverpool. Nilipofika pale ulipoapa nikapitiliza kituo, nikashtuka niko Granville. Nilishuka nikakaa kwenye benchi. Nilikukasirikia, wifi. Nilikukasirikia mpaka masikio yakawa ya moto. Kisha nikamkasirikia yeye kuliko wewe, yeye aliyenichagulia cheti bila kuniuliza. Mtihani ule wa Jumamosi sikuufanya, unajua mwenyewe nilikuwa wapi Jumamosi ile. Nimeufanya mwaka huu mwezi wa sita, nikafaulu, nikaweka karatasi juu ya jokofu. Nikajikasirikia na mimi, mtaalamu wa presha, niliyefungua bomba la maji ili nisisikike nikasahau kusikiliza. Treni tatu zilipita sijapanda.

Nyumbani nilipika ugali wa watu wanne nikaula karibu wote, nimesimama hapo hapo jikoni. Nilikuwa na njaa, wifi. Njaa kabisa. Darlène alikuja akanikuta hivyo, nikamwambia akae, nikamsomea barua yako neno kwa neno.

Akauliza, "So Dad knew?"

Nikamwambia alijua, na shangazi yako alijua.

"And you didn't?"

Nikasema mimi sikujua, sikujua, mke wa mtu nilikuwa hapa hapa na sikujua!

Akasema, "Mum, you're shouting."

Ni kweli nilikuwa napiga kelele, hata jirani wa juu alitugongea sakafu. Darlène alikuwa analia na anacheka. Akaniambia mwaka mzima nimekuwa naongea naye kwa sauti ile ile ninayowasemeshea wazee wa kazini, na hakujua aniambieje. Haya alianza kuyasema kwa Kiingereza, akayamaliza kwa Kiswahili kibovu sana, ngeli zote zimepinda. Akanishika, ndipo na mimi nikalia. Tulilia mpaka jirani akaona aibu. Anakusalimia, na amesema nikuandikie kwamba na yeye amekukasirikia, na kwamba anataka umsimulie ile ya bafuni kwa mdomo wako.

Bridget anasema hatua ya mwisho ni kurudi kutazama, na kwamba mara nyingi mtu akirudi anakuta swali alilianza vibaya. Nimerudi. Mimi sikuwa nataka kujua niganduke lini. Nilitaka kujua kwa nini hakuniambia. Sasa nimejua, na jibu lenyewe linaniuma kila nikipanda ngazi.

Tarehe nimeipanga kwa dakika moja. Ni Jumamosi, tarehe nane Novemba, ukumbi wa kanisa Liverpool, saa kumi na moja jioni. Kwako itakuwa saa tatu asubuhi. Utazungumza wewe mwenyewe, si mzee wa kuazima. Eleza alivyoishi. Eleza alivyoondoka: kwamba aliugua, alijua, alikuambia wewe, na mimi hakuniambia. Kisha uniachie, kama desturi inavyotaka.

Ila siku hiyo usiniombe msamaha. Ukiniomba mbele ya watu itanibidi nisimame niseme nimesamehe, wapige vigelegele, na mimi nitakuwa nimesema uongo nyumbani mwa Mungu. Sijasamehe. Mwaka mzima sikuwa na kitu ndani yangu, leo nina hasira. Niache nikae nayo kidogo kabla hujaichukua.

Wifi yako,
Fébronie